Mkato wa Kwapa

Ramani ya dunia imebandikwa ukutani kwa Onditi,
ofisi ya tikiti, ghorofa ya kwanza, nyuma ya posta.
Nilipanda ngazi na tepu yangu shingoni,
nimetoka Kibuye moja kwa moja,
vipande vya nyuzi vimening'inia kwenye sketi.
Nikaweka sifuri juu ya Kisumu, pale ziwa linapojikunja,
nikavuta hadi Kalgari.
Inchi ishirini na sita kasoro robo.

Onditi akacheka, si kwa ubaya.
"Mama Apondi, ndege haifuati tepu."
Akatoa chungwa lake la mchana kwenye droo,
akachomoa uzi mmoja kwenye sketi yangu bila kuomba,
akaubana kwa gumba huku na gumba kule
na kuukaza.
Uzi ukakataa kwenda ulikotaka macho yangu.
Ukapanda juu, ukapitia Libya, ukapitia barafu,
ndipo ukashuka.

Nikamwambia, hilo nalijua.
Huo ni mkato wa kwapa.
Miaka thelathini na moja nakata mikono ya nguo,
bega halijawahi kukubali mstari ulionyooka.

Akaandika nyuma ya risiti:
kilomita elfu kumi na tatu na mia sita.
Kisumu hadi Nairobi, dakika hamsini,
hujamaliza hata soda.
Jumla angani, saa kumi na nane.
Vitini, ukilinda mkoba na kusoma mabango, saa tisa.
"Lakini ukifika unarudishiwa saa kumi,
kama chenji."
Na nikirudi?
"Ukirudi unazilipa."
Nauli sikuuliza. Naye hakuitaja.
Alimenya chungwa, akanipa nusu.

Kilichonipeleka si safari.
Ni gauni la Hawi, miaka minne,
mjukuu ambaye mkono wangu haujawahi kumpima.
Vipimo huja kwa simu, saa tatu usiku hapa,
kule saa tano asubuhi na theluji dirishani.
Bega ishirini na saba, Mama. Kifua hamsini na sita.
Urefu — Hawi, simama! — urefu hamsini na nane,
au sitini, sijui, ameshakimbia.
Mtoto mjusi. Namsikia akicheka sakafuni,
na kicheko chake kinanifikia kimechelewa kidogo,
kama mtu aliyekwamia mlangoni.

Gauni la kwanza lilikaa njiani wiki saba.
Ndege saa kumi na nane, kifurushi wiki saba:
Onditi hana ramani ya hilo.
Apondi akatuma picha. Akaandika, limemkaa sawasawa.
Apondi ni mtoto mwema.
Mimi ni fundi.
Niliikuza picha kwa vidole mpaka ikawa ukungu,
nikaona mkono wa gauni ulipokomea
na kifundo cha Hawi kilipoanzia.
Katikati, vidole viwili vya ngozi tupu.

Elfu kumi na tatu na mia sita
sikuweza kuzishika kichwani, hata na chungwa.
Vidole viwili nilivishika.

Leo nimekata la pili.
Kitambaa cha njano, kile kigumu, hakichuji.
Pindo nimeliacha inchi tano,
wateja wawili wamepita wakauliza kama nimechoka macho.
Mikononi nimekunja mara tatu kwa ndani,
nikapiga bandi, mshono wa kufumuliwa.
Ndege ya jioni ikapita juu ya mabati ikishukia Usoma,
sindano zikacheza ndani ya kopo.

Nilitaka kumwandikia Apondi kwa chaki mahali pa kufungua,
yeye nilimfundisha vifungo tu.
Lakini chaki itafutika, wiki saba.
Basi nimetumia uzi mwekundu, herufi kubwa,
upande wa ndani ambako watu hawataona:
kwenye mkunjo wa kwanza, AGOSTI.
Wa pili, MWAKANI.
Wa tatu nimeushona,
sikuuandikia mwezi.